Kwa nini wa mrengo mmoja huchaniana kuliko wanavyopambana na mpinzani? Kilifi 2022, na 2027 inabisha hodi

#1 MpwaniHalisi
Salaam wadau. Kuna jambo linanikera na naomba tulijadili bila matusi.

Agosti 2022 hapa kaunti ya Kilifi, muungano wa Kenya Kwanza ulileta wagombea wawili wa ugavana. Aisha Jumwa alikuwa na tiketi ya UDA, na wakili George Kithi akawa na tiketi ya PAA, chama cha Amason Kingi aliyekuwa gavana. Wote wawili walimpigia debe mgombea mmoja wa urais, William Ruto. Lakini tuliokuwa huku tunakumbuka kambi zao zilivyovutana, vijana wa huyu hawapiti mtaa wa vijana wa yule. Gideon Mung'aro wa ODM, chama cha Raila Odinga, akapita katikati yao akachukua kiti.

Dai langu ni hili: Mung'aro hakushinda, ila Kenya Kwanza ilijishinda yenyewe. Vita vya panzi, neema ya kunguru. Na sasa tunaelekea 10 Agosti 2027 naona mambo yaleyale yanaota tena, safari hii kati ya watu wa ODM na wa UDA walio serikali moja, na hata ndani ya ODM kwenyewe. Kwa nini hatujifunzi?

#2 Karani_wa_Debe
Ndugu, hoja ni nzuri lakini hesabu zinakukana. Mung'aro alipata kama kura 143,000. Jumwa alipata 65,000 na ushei, na Kithi alimfuata kwa karibu sana. Jumlisha hizo mbili: bado hazifiki 143,000. Hata wangesimama mmoja, Mung'aro bado yuko mbele.

#3 MpwaniHalisi
#2 nashukuru kwa takwimu, ila kura hazijumlishwi kama magunia ya mahindi. Mrengo ukionekana umoja, kuna watu wangetoka nyumbani kwenda kupiga kura ambao hawakutoka. Kuna wafadhili wangetoa pesa ambao walikaa kando wakisubiri kuona nani ana nguvu. Na mawakala je? Kituo kimoja mrengo mmoja mawakala wawili, kila mmoja anamlinda bwana wake dhidi ya mwenzake.

#4 Karani_wa_Debe
Na kuna wa Kithi ambao wasingempa Jumwa hata kwa mtutu, na wa Jumwa vivyo hivyo. Wangekwenda kwa Mung'aro au wangelala. Kwa hiyo muungano ungeweza hata kupunguza. Wewe unahesabu walioongezeka tu.

#5 Kwale_Asili
Majirani, njooni Kwale mjifunze. Dhana ya "mgawanyiko ndio ulioua" huku haisimami. Mwaka huohuo wa 2022, Kenya Kwanza Kwale ilikuwa na Fatuma Achani wa UDA na Lung'anzi Chai wa PAA. Mgawanyiko uleule, vyama vilevile. Lakini Achani alimshinda Profesa Hamadi Boga wa ODM, tofauti haikufika kura 6,000. Sasa mbona kwetu panzi walipigana na kunguru akalala njaa?

#6 Tuktuk_Mtwapa
Kwale leo wamepata pa kuringia 😂 Warudishe kwanza sukari ya Ramisi ya zamani ndipo watufundishe siasa.

#7 Kwale_Asili
#6 na nyinyi kiwanda cha korosho mlikipeleka wapi? Tuache hayo, tujibu hoja.

#8 MzeeWaMinazi
Nimewasoma wote. Mimi nimepiga kura tangu enzi za chama kimoja na nawaambia Pwani ni upepo. Mwenye upepo wa chama kikubwa ndiye mwenye kiti. Kilifi 2022 upepo ulikuwa wa Raila, basi. Huyo Mung'aro mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 2013 alikuwa mbunge wa Kilifi Kaskazini kwa ODM. Mwaka 2017 akahamia Jubilee kutaka ugavana, Kingi wa ODM akambwaga. Mwaka 2022 akarudi ODM, akashinda. Mtu ni yuleyule na sura ni ileile, kilichobadilika ni shati. Tafuteni sababu nyingine mkitaka, mimi hiyo inanitosha.

#9 Kwale_Asili
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima, upepo huo mbona hauvuki Shika Adabu kuingia Kwale? Salim Mvurya alishinda Kwale 2013 kwa ODM, 2017 akahamia Jubilee akashinda tena, na urais Wakwale wakampa Raila. 2022 Raila akaongoza tena Kwale kwenye urais, huku ugavana ukienda kwa UDA. Mpiga kura wa Kwale anajua kushona suti ya vipande viwili tofauti.

#10 MzeeWaMinazi
Marahaba mwanangu. Kwale mna mambo yenu. Lakini hapo mwenye kiti alikuwa Mvurya na Achani alikuwa naibu wake miaka yote kumi. Mashine ya kaunti ilikuwa yao. Kwa hiyo ni upepo, na pasipo upepo ni mashine.

#11 Binti_Rabai
Mzee, mashine nayo mbona Kilifi haikufanya kazi? Gavana aliyekuwa akiondoka ni Kingi, miaka kumi ofisini, naye alikuwa nyuma ya Kithi. Mashine ile ilimfikisha wa tatu.

#12 Karani_wa_Debe
Kwa sababu Kingi aligeuza tanga dakika ya mwisho. PAA ilianza kwa kutia saini na Azimio, muungano wa Raila, kisha Mei 2022, miezi mitatu kabla ya kura, ikaingia Kenya Kwanza. Wafuasi wa mashinani walikuwa wameshapewa wimbo mmoja, wakaambiwa waimbe mwingine. Mvurya yeye aliwatayarisha watu wake mapema. Ingawa kwa Kingi mwenyewe mambo hayakwenda vibaya. Septemba hiyohiyo alichaguliwa Spika wa Seneti.

#13 MpwaniHalisi
Hapo #12 umegusa donda. Kiongozi anapata, aliyemfuata anabaki na bango. Na Jumwa naye akawa waziri mwezi uliofuata. Walioumia ni wawaniaji wa wadi waliokopa pesa kutafuta kura chini ya tiketi hizo mbili.

#14 FundiMbao
Nimekuwa msomaji tu humu, leo niandike. Nyote mnazungumzia vyama na upepo. Mimi nawaambia vita hivi mwanzo wake ni deni.

Miaka kadhaa nyuma nilipata zabuni ya madawati ya chekechea katika kaunti moja hapa Pwani, siitaji. Madawati 120 na meza zake, mninga mtupu, maana nilitaka jina. Nilichukua mkopo wa mbao. Nilipeleka, nikatiliwa saini na muhuri, nikaambiwa malipo siku 90. Imepita bajeti ya kwanza, imepita ya pili. Kila nikienda ofisi ya malipo faili liko "kwa mkubwa". Nina nakala ya hati ile mpaka leo, imechanika kwenye mikunjo nimeibandika kwa gamu.

Msimu wa kampeni ulipofika, mwaniaji mmoja wa chama hichohicho cha gavana alinijia karakana. Akashika randa yangu akaiangalia, akasema, "Fundi, nikiingia faili lako ndilo la kwanza." Nilimpa pikapu yangu miezi minne. Na jirani yangu wa mabati, ambaye naye anadai, alikuwa kambi ya gavana kwa ahadi ileile. Tulikuwa marafiki wa kuswali safu moja, tukafika mahali hatusalimiani. Chama kimoja, msikiti mmoja, kaunti moja tunayoidai sote.

Kwa hiyo mkiuliza kwa nini wa chama kimoja wanapigana zaidi, jibu langu: mpinzani wa chama kingine hana funguo za faili langu. Aliye ndani ndiye anazo au anazitaka.

#15 Binti_Rabai
Pole sana kaka Fundi. Ulilipwa?

#16 FundiMbao
Nusu. Na mwaniaji wangu alianguka kwenye mchujo.

#17 Tuktuk_Mtwapa
Pole fundi. Mimi nina dogo tu. 2022 nilibandika tuktuk picha za wawili wa mrengo mmoja, mmoja mlango wa kulia na mwingine kushoto, nikalipwa pande zote. Nikasema mimi ndiye mwanachama wa kweli wa muungano. Usiku wa tatu vijana wakachana ya kulia. Usiku wa nne wengine wakachana ya kushoto pamoja na turubai langu. Wa ODM hawakunigusa hata siku moja.

#18 MzeeWaMinazi
😂 Wewe ulistahili.

#19 SautiYaGanze
Mnasahau jambo la kwanza: tiketi. Nataka kuunga #14 kwa upande mwingine. Mahali chama kimoja kina nguvu, uchaguzi wa kweli ni mchujo, Agosti ni kupiga muhuri tu. Kwa hiyo risasi zote huishia kwenye mchujo. Ukishinda pale umemaliza, ukishindwa pale umekwisha. Lazima mchinjane.

Angalieni Mombasa 2022. Abdulswamad Nassir na Suleiman Shahbal walikuwa wanawania tiketi ya ODM, kila mtu akasubiri damu. Aprili Raila akawaweka chini, Shahbal akamwachia mwenzake. Kura zikapigwa 23 Agosti, Abdulswamad akamshinda Hassan Omar wa UDA. Hakuna mchujo, hakuna majeraha.

#20 Karani_wa_Debe
Sahihisho dogo #19: ugavana Mombasa ulipigwa 29 Agosti. 23 ndiyo tarehe ya kwanza waliyoahirishia, kisha ikasogezwa tena. Sababu ilikuwa makosa kwenye karatasi za kura, picha za wagombea hazikuwa sawa, pamoja na Kakamega. Matokeo ni 119,083 kwa 98,105.

Na hiyo tofauti ya kura 21,000 kwa Mombasa si ya kujivunia sana kwa chama kilichokuwa na ngome. Wengine wanasema watu walichoka kurudi mara ya pili. Wengine wanasema wafuasi wa Shahbal hawakuamka. Sijui upande upi una haki.

#21 SautiYaGanze
Asante kwa tarehe. Lakini Shahbal hakutoka mikono mitupu, Novemba alichaguliwa Bunge la Afrika Mashariki. Maelewano yanafanya kazi palipo na kitu cha kumpa anayeachia. Wewe mtu wa wadi ya Bamba unaachia, utapewa bunge gani?

#22 Mjomba_Kaloleni
Na mpatanishi mwenyewe, Raila, ameondoka Oktoba 2025, Mungu amrehemu. Mimi ndicho kinachonitia wasiwasi kuhusu 2027. Ugomvi wa ODM Pwani ulikuwa na hakimu mmoja ambaye akisema "wewe kaa, wewe nenda" watu wanaguna lakini wanakaa. Sasa nani atamwambia mbunge wa Kilifi akae na asikilizwe? Ongeza ule mkataba wa ushirikiano wa 7 Machi 2025 wa UDA na ODM. Mung'aro wa ODM ana muhula mmoja uliobaki, Achani wa UDA naye vilevile, Abdulswamad vilevile. Je, UDA haitasimamisha mtu Kilifi? ODM haitasimamisha Kwale? Wakikubaliana juu, huku chini kuna watu wameshanunua magari ya kampeni.

#23 MpwaniHalisi
#22 tazama Magarini. 2022 Harrison Kombe wa ODM alimshinda Stanley Kenga wa UDA kwa kura 21. Ishirini na moja! Watu wa mtumbwi mmoja na nusu. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu, uchaguzi ukafutwa. Marudio ya Novemba 2025, UDA haikusimamisha mtu, ikampisha Kombe, na Kenga akaja na DCP, chama cha Gachagua. Kombe akashinda vizuri tu. Kwa hiyo kuachiana kunawezekana.

#24 Kwale_Asili
Uchaguzi mdogo mmoja na serikali nzima imehamia Magarini si kipimo. Siku ya viti vyote kila mtu atakuwa kwake.

#25 Mama_Wadi
Naomba niseme kuhusu huo mchujo maana mnauzungumza kama mchezo wa kadi.

Niliwania wadi, chama sikitaji, mwaka siutaji. Kituo chetu kilikuwa shule ya msingi. Akina mama walifika saa kumi na mbili asubuhi, wengine na watoto mgongoni, wakapanga foleni kwa kuweka mawe na kandambili ili waende kukaa kivulini. Sanduku lilifika saa nane mchana ndani ya probox, limefungwa kwa kamba ya katani. Daftari la wanachama lilianzia herufi K. Kina Charo, Dama, Furaha, Kadzo aliyeandikwa kwa C, wote hawamo. Msimamizi, kijana mdogo kutoka mbali, akasema basi kila mwenye kitambulisho apige. Hapo wakaanza kushushwa watu kutoka kwenye matatu ambao hatujawahi kuwaona sokoni wala matangani.

Hata hivyo nilishinda. Tulihesabu kwa tochi za simu, nilikuwa mbele kwa kura 64, na mwenzangu alinipa mkono. Saa tano usiku nikapigiwa simu kuwa cheti kimeshaandikwa jina jingine huko makao makuu. Si la mwenzangu niliyemshinda. La mtu wa tatu.

Nilienda kwenye jopo la mizozo ya vyama. Nauli ya Nairobi, wakili, malazi, nikauza mbuzi wanne. Nikapata haki yangu, cheti kikarudi, siku mbili kabla ya kupeleka karatasi kwa tume ya uchaguzi, IEBC. Lakini wiki zile tatu mwenzangu yule wa mkono alikuwa ameshaambiwa mimi ndiye niliyemchongea. Agosti hakunipigia kura, yeye na ukoo wake. Nilianguka kwa kura chini ya mia mbili kwa mtu wa chama kingine kabisa.

Hatukuwa na ugomvi sisi. Tulipandiwa.

#26 FundiMbao
Dada, nimesoma mara mbili. Pole.

#27 Mjomba_Kaloleni
Mama_Wadi, hilo la daftari ndilo kiini. Chama kisichojua wanachama wake ni nani kitafanyaje mchujo wa haki? Tunapiga kelele juu ya wagombea, kumbe chombo chenyewe hakina sakafu.

#28 Karani_wa_Debe
Niongeze sababu nyingine ambayo haijatajwa. Viti vya uteuzi kwenye bunge la kaunti hugawiwa vyama kulingana na wadi walizoshinda. Kwa hiyo chama kidogo ndani ya mrengo kikiachia wadi, kimeachia na viti vya uteuzi, pamoja na hesabu ya mgao wa fedha za vyama. Viongozi wa juu wanasema "tumeungana", na huku kila chama kinahitaji idadi yake. PAA kusimamisha watu dhidi ya UDA ni hesabu ya kawaida kabisa. Si lazima kuwe na chuki.

#29 Binti_Rabai
Mbona hamtaji ukoo na upande? Kilifi ina maeneo bunge saba. Malindi na Magarini wanajiona upande mmoja, Kaloleni na Rabai kivyao, Ganze wanalalamika kila muhula kuwa wamesahauliwa. Mgombea akipatikana huku, mwenza lazima atoke kule. Wakiwa wawili mrengo mmoja wametoka upande mmoja, basi ni ugomvi wa nyumbani, na ugomvi wa nyumbani hauna heshima. Watu wanajuana mpaka deni la mahari.

#30 SautiYaGanze
Ganze tumesahauliwa kweli, si malalamiko. Njoo uone foleni ya ndoo kiangazi.

#31 Tuktuk_Mtwapa
Suluhisho si mgombea huru? Tuachane na hivi vyama.

#32 Karani_wa_Debe
#31 uliza Meru. Kawira Mwangaza alisimama huru 2022, akawabwaga vigogo wawili, Kiraitu Murungi na Mithika Linturi. Kufika bunge la kaunti hana chama nyuma yake. Wawakilishi wa wadi (MCA) walipiga kura ya kumng'oa mara tatu. Seneti ikamwokoa mara mbili, ya tatu Agosti 2024 ikakubali, na mahakama ikathibitisha Machi 2025. Naibu akachukua kiti.

#33 Mjomba_Kaloleni
Lakini Laikipia 2017 Ndiritu Muriithi alishinda huru na akamaliza muhula wake. Kuti wa Isiolo vilevile. Meru ilikuwa na mambo yake, usiwabebeshe wote.

#34 Karani_wa_Debe
Kweli, hao niliwasahau. Nakubali.

#35 Mama_Wadi
Mimi 2027 nasimama huru, nimeshaamua. Watu wa wadi yangu wananijua kwa jina la mama, chama hawakiulizi.

#36 MzeeWaMinazi
Mama, nakutakia heri. Lakini ukishinda hutakuwa na mtu wa kukutetea kwenye kamati ya bajeti. Barabara yenu itangoja.

#37 Mama_Wadi
Mzee wangu, nilipokuwa na chama barabara ilikuwa inangoja pia.

#38 Mjomba_Kaloleni
Mama_Wadi jambo moja la haraka kabla hujachapisha mabango. Katiba, kifungu cha 85, inasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya kura. Uliandika barua ya kujiuzulu kwenye kile chama chako? Una nakala yenye muhuri? Ingia eCitizen, kwenye huduma za Msajili wa Vyama, uangalie jina lako liko wapi. Kuelekea 2022 watu wengi walijikuta wamesajiliwa bila kujua.

#39 Mama_Wadi
Nilipeleka barua kwa mkono na nakala ninayo. Ngoja niangalie.

#40 MpwaniHalisi
Na sisi sote tuangalie basi. Mimi naingia sasa hivi.

#41 MpwaniHalisi
Sina chama. Alhamdulillahi.

#42 Tuktuk_Mtwapa
Mimi niko kwenye chama ambacho hata rangi yake siijui. Sijawahi kujaza fomu yoyote. Namba ya kitambulisho nilimpa kijana mmoja tu, yule wa bima ya tuktuk.

#43 Mama_Wadi
Jamani. Kile chama cha zamani wameniondoa, ni kweli. Lakini naonyeshwa kuwa mwanachama wa chama kingine, tangu Februari mwaka jana. Mjomba_Kaloleni, hapa nabonyeza wapi kujiuzulu?

#44 Mjomba_Kaloleni
Usibonyeze bado. Piga picha ukurasa huo kwanza, tarehe ionekane, kisha niandikie faraghani.